MBA ya uhasibu au nimalizie CPA? Jibu kwa mhasibu wa Mwanza

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, naishi Mwanza, na nina shahada ya kwanza ya biashara, mchepuo wa uhasibu, niliyomaliza mwaka 2014. Huu ni mwaka wa saba niko kwenye kampuni ya kusambaza vinywaji kama mhasibu. Nilianza CPA ngazi ya kati, masomo mengine nikafaulu, lakini la uhasibu wa fedha limeniangusha mara mbili, mara ya pili nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Nikaacha. Sasa mkurugenzi wangu ananiambia nikasome MBA, eti nikimaliza atanipa umeneja wa fedha. Nimeona MBA ya uhasibu ya chuo cha Marekani, unasoma kwa mtandao na haina mtihani wa kuingia. Mume wangu naye anasema nitafute njia nyepesi, CPA ni ya watu wa hesabu kali. Naomba kujua: nikiwa na MBA ya uhasibu si nitakuwa juu ya mwenye CPA? Nitasamehewa masomo ya bodi? Nina wateja watatu wa mtaani, duka la vifaa vya ujenzi, famasi na baa, ninaowaandikia hesabu na kuwatengenezea ritani za kodi, na nataka baadaye nifungue ofisi yangu. Ada nitakopa SACCOS. Nimechanganyikiwa."

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unauliza habari za masomo, mara ya pili nikaona unauliza habari za saini. Unataka siku moja hesabu zikifika mezani, jina linaloandikwa chini yake liwe lako. Naanzia hapo, maana maswali yako mengine yote yananing'inia kwenye hilo.

Nikupe jibu mapema usisome kwa wasiwasi. MBA ya uhasibu, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara yenye mchepuo wa uhasibu, ni elimu nzuri, na kwa kazi unayoifanya itakufaa. Ila haikuweki juu ya mwenye CPA, cheti cha mhasibu aliyethibitishwa na bodi ya taaluma, wala haikuweki chini yake, kwa sababu vitu hivi viwili havipimwi kwa mzani mmoja. Kwa ndoto ya ofisi yako na ritani za wateja, kinachohitajika kwanza ni bodi. Kwa ahadi ya mkurugenzi, MBA inaweza kutosha, kama ahadi yenyewe ipo. Huyo mkurugenzi nitarudi kwake.

Fikiria mawakili. Mtu anasoma sheria chuo kikuu miaka kadhaa, anavaa joho, ndugu wanapiga vigelegele. Kesho yake hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu kama wakili. Sharti apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha aapishwe. Hakuna anayesema chuo kikuu kilimdanganya. Chuo kimempa elimu, ruhusa ya kufanya kazi mbele ya umma inatoka kwingine. Uhasibu uko vivyo hivyo. Hapa Tanzania ruhusa hiyo iko mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kenya mitihani inatolewa na KASNEB na uanachama unashikwa na ICPAK, Uganda wana ICPAU, Rwanda wana ICPAR. Kote huko shahada ya uzamili inaheshimiwa, na kote huko haigeuki kuwa leseni.

Na leseni hiyo ina meno. Kampuni inapopeleka ritani ya kodi ya mapato kwa mamlaka ya mapato, TRA, sheria inataka iwe imeandaliwa au kuthibitishwa na mhasibu mwenye CPA aliyeruhusiwa kutoa huduma kwa umma. Ripoti ya ukaguzi nayo lazima isainiwe na mkaguzi aliyesajiliwa. Ukiwa na MBA tatu, hata kama zote zimetoka vyuo vikubwa vya dunia, karatasi hizo mbili hutazisaini.

Sasa ile MBA ya Marekani. Tangazo ulilolisoma huenda ni la kweli kabisa, ila limeandikiwa mtu mwingine. Kule kila jimbo hutoa leseni yake ya CPA, na kwa miaka mingi majimbo yalimtaka mwombaji awe amekusanya krediti 150 za chuo. Shahada ya kwanza ya kawaida ina krediti 120. Zile 30 zinazopungua mtu azitoe wapi? Vyuo vikaona soko: njoo usome MBA yenye mchepuo wa uhasibu, utoke na shahada ya pili na krediti zako zimetimia. Florida ilianza kudai krediti 150 mwaka 1983, majimbo mengine yakafuata. Hivi karibuni upepo umegeuka, na majimbo kadhaa yameanza kulegeza. Ohio ilipitisha sheria Januari 2025 inayomruhusu mwenye shahada ya kwanza, miaka 2 ya uzoefu na mtihani aliofaulu kupata leseni kuanzia mwaka 2026. Lakini hata mwenye MBA na krediti zake 150 hukalia mtihani uleule wa CPA, wenye sehemu tatu za lazima na moja ya kuchagua tangu Januari 2024.

Kwa hiyo unaponunua shahada hiyo ukiwa Mwanza, unanunua ufunguo wa mlango ulioko Florida. Usinielewe vibaya, unaweza kujifunza mengi. Ila kabla ya kutuma hata senti, angalia mambo mawili. Chuo chenyewe kiwe na ithibati inayotambuliwa na mamlaka za Marekani, na ikiwezekana shule yake ya biashara iwe imepimwa na chombo kama AACSB, ambacho kipo tangu 1916. Kisha waulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kama shahada hiyo wataitambua hapa nyumbani. Chuo kinachokuambia "uzoefu wako wa kazi unatosha, lipa tukutumie cheti" kikimbie. Kutokuwa na mtihani wa kuingia si dalili mbaya peke yake, vyuo vingi vizuri vimeuondoa. Kutokuwa na mtihani wa kutokea ndiyo dalili mbaya.

Tuje kwenye MBA yenyewe, maana watu wengi wanaifikiria kama shahada ya kwanza iliyopigwa pasi. Harvard walipoianzisha mwaka 1908, nia ilikuwa kumtengeneza msimamizi wa biashara nzima, na hadi leo mfupa wake ni huo. Utasoma masoko, rasilimali watu, uendeshaji, mikakati, uchumi wa biashara, takwimu na usimamizi wa fedha. Mchepuo wa uhasibu unaingia juu ya hayo kwa kozi chache, kwa kawaida uhasibu wa menejimenti, uchambuzi wa taarifa za fedha, kodi au ukaguzi, ikitegemea chuo. Anayetaka uhasibu tupu na utafiti wake kwa kina anafaa zaidi MSc ya uhasibu na fedha, ambayo vyuo vya IFM na Mzumbe vinayo. Mwenye ndoto ya kufundisha chuo kikuu namshauri aende huko, na wewe hukutaja ndoto hiyo.

Nikuonyeshe MBA inakubadilisha wapi, kwa mfano wa kampuni kama yenu. Tuseme gari la Sengerema linauza milioni 40 kwa mwezi. Vinywaji vyenyewe vimegharimu milioni 34. Mafuta, dereva, posho za wapakiaji na matengenezo ni milioni 3.5. Halafu makao makuu wanagawa kodi ya ghala, ulinzi na mishahara ya ofisini kwa kufuata mauzo, na Sengerema inabebeshwa milioni 4. Mhasibu anaandika ripoti: njia ya Sengerema ina hasara ya shilingi 1,500,000. Ripoti ni sahihi, kila vocha ipo. Bosi anasema ifungwe.

Ukiifunga nini kinatokea? Mauzo milioni 40 yanaondoka, na gharama za milioni 37.5 zinaondoka nayo. Ile milioni 4 haiondoki, kwa sababu mwenye ghala hatapunguza kodi ati hamwendi tena Sengerema. Kumbe njia hiyo ilikuwa inachangia milioni 2.5 kila mwezi kubeba mzigo wa ofisi. Umeifunga kuepuka hasara ya milioni 1.5, na faida ya kampuni nzima imeshuka kwa milioni 2.5.

Hapo wengi hupiga makofi na kusema somo limeisha. Darasa zuri la MBA ndiyo kwanza linaanza. Aliyetoka masoko atauliza: je, wateja wa Sengerema wakikosa mzigo wetu hawatahamia kwa mshindani na kumvuta na yule wa Geita? Mhandisi atauliza: gari hilohilo likipelekwa Magu lingechangia kiasi gani? Likiwa lingechangia milioni 4, basi kuifunga Sengerema ni uamuzi sahihi, ingawa sababu aliyoitoa bosi haikuwa sahihi. Mwingine atataka kujua kama dereva ni wa kudumu, maana mshahara wake nao hautaondoka na hesabu yako inabidi uiandike upya. Uhasibu huu upo pia kwenye mitaala ya CPA, nisiwanyime haki yao. Tofauti ni kwamba kwenye mtihani wa bodi unaujibu peke yako kwa muda uliopangwa, na kwenye MBA unautetea mbele ya watu wasio wahasibu wanaokubishia. Meneja wa fedha anaishi maisha hayo ya pili kila Jumatatu asubuhi kwenye kikao.

Mume wako mwambie, kwa upole, kwamba kuhusu hesabu kali ameelekeza kidole pasipo. Hesabu ya uhasibu ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia. Hesabu za kuumiza kichwa ziko MBA, kwenye takwimu na mbinu za utafiti. Nimewahi kufundisha madarasa ya jioni, na waliotokwa jasho zaidi kwenye somo la takwimu walikuwa wahasibu wenzetu, kwa sababu tumezoea majibu yanayolingana pande mbili, na takwimu inakupa jibu lenye "huenda" ndani yake.

Basi kama si hesabu, mbona uhasibu wa fedha umekuangusha mara mbili? Sikuona karatasi yako, ila nimeona za watu wengi wanaofanana nawe: wenye kazi, wenye uzoefu, wanaofeli somo wanalolifanya kila siku. Mara nyingi wanaponzwa na uzoefu wenyewe. Wanajibu kama ofisi inavyofanya, na mtihani unauliza viwango vinasemaje.

Chukua ghala lenu. Tuseme mkataba ni wa miaka 5, kodi shilingi milioni 24 kila mwisho wa mwaka. Ofisini unaandika vocha: kodi ya pango, milioni 24, gharama ya mwaka. Umemaliza. Mtahini akikuuliza kwa IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya pango kinachotumika tangu Januari 1, 2019, anataka kitu kingine. Malipo yote matano yanashushwa hadi thamani ya leo. Kwa riba ya asilimia 15 yanakuwa takriban milioni 80.45. Kiasi hicho unakiandika siku ya kwanza upande wa mali, kama haki ya kutumia ghala, na upande wa madeni, kama deni la pango. Kila mwaka unaandika uchakavu wa karibu milioni 16.1, na mwaka wa kwanza riba ya karibu milioni 12.1. Gharama ya mwaka wa kwanza inafika kama milioni 28.2, wakati vocha yako ilisema 24. Mwaka wa tano inashuka hadi kama milioni 19.2. Ukijumlisha miaka yote mitano, njia zote mbili zinakupa milioni 120. Pesa hazijabadilika, kilichobadilika ni mwaka zinapoonekana na deni ambalo benki sasa inaliona kwenye mizania.

Na hapa pana mtego ndani ya mtego. Kampuni yenu ikiwa inatumia kile kiwango cha IFRS cha biashara ndogo na za kati, kuandika pango la kawaida kama gharama ya mwaka ni sahihi kabisa. Kwa hiyo ofisini hukosei. Unakosea unapoibeba ofisi hadi chumba cha mtihani bila kusoma swali linataka kiwango gani. Ukirudi kwenye somo hilo, usirudi na vitabu vya zamani ukaanza ukurasa wa kwanza. Chukua mitihani iliyopita ya bodi, fanya maswali ukiwa na saa mezani, kisha linganisha na majibu, na kwa kila alama uliyopoteza jiulize: nilikosa kujua, au nilijibu kiofisi? Ile mara ya pili uliyofeli wala usiihesabu sana. Kukalia mtihani wa bodi ukiwa na mimba na kazi ya mchana ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu misamaha. Msamaha wa bodi hautolewi kwa jina la shahada. Inaangaliwa kozi moja moja: ulisoma nini, kwa kina gani, chuo gani, na kama programu hiyo inatambuliwa. MBA ina kozi nyingi ambazo bodi haina haja nazo, kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya kusamehewa, hasa masomo ya ngazi ya mwisho. Kabla ya kulipa ada popote, chukua mtaala wa MBA unayoitaka, uandikie bodi, upate jibu kwa maandishi. Neno la afisa udahili wa chuo kwamba "utasamehewa tu" halikusaidii, kwa sababu si yeye anayesamehe. Ukiandika barua hiyo, ulizia pia mambo mengine mawili: masomo uliyokwisha kufaulu yanasimama hadi lini, na kama kwa shahada yako unaweza kuandikishwa sasa hivi kama mhasibu mhitimu. Wengi wanakaa miaka kazini bila kujua kuna daraja hilo.

Wenzako watakutajia ACCA. Ni chama cha Uingereza, kipo tangu 1904, na kwa muundo uliozoeleka kina mitihani 13, misamaha haizidi 9, na miezi 36 ya uzoefu wa kazi uliothibitishwa. Inatambulika mbali, na kama familia yenu ina mpango wa kuhamia Dubai au Uingereza ningekuambia uifikirie. Ila malipo yake ni kwa pauni, na mshahara wako ni kwa shilingi. Kwa mtu aliyekwisha kufaulu baadhi ya masomo ya NBAA na anayetaka ofisi Mwanza, kuhama sasa ni kubomoa nyumba iliyofika kwenye linta. Kwa Afrika Mashariki hauko kisiwani pia: mwaka 2011 bodi za uhasibu za nchi za jumuiya zilitia saini makubaliano ya kutambuana.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningejiandikisha kwa lile somo moja kwenye msimu unaofuata, Mei au Novemba, kutegemea mtoto amefikia umri gani, na kwa muda huo nisiguse MBA. Ukimaliza ngazi ya kati ndipo ukae ufikirie tena. Kuna wanaojaribu kubeba CPA na MBA kwa pamoja wakiwa na kazi na watoto wadogo, na wachache huweza. Wengi niliowaona walidondosha kimoja, na kilichodondoshwa kilikuwa CPA, kwa sababu MBA ina mahudhurio, kazi za vikundi na wenzako wanaokupigia simu, na CPA haina wa kukuuliza uko wapi.

Lakini kuna hali moja inayoweza kunifanya niseme anza na MBA: mkurugenzi akiweka ahadi yake kwenye karatasi. Mwombe mazungumzo, kwa heshima zote, na umuulize kampuni itachangia ada kiasi gani, cheo kitatoka lini, mshahara utakuwa kiasi gani, na kama nafasi hiyo leo ina mtu. Akikuambia "wewe soma tu, tutaonana mbele", umeshapata jibu. Fanya pia zoezi dogo. Tafuta matangazo kumi ya kazi ya meneja wa fedha au mhasibu mkuu, ya mashirika mbalimbali, na uandike kwenye daftari mangapi yanadai CPA au ACCA kama sharti, na mangapi yanataja shahada ya uzamili kama nyongeza. Usinisikilize mimi wala mkurugenzi, lisikilize daftari.

Ahadi ikiandikwa, Mwanza huna haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, wako Malimbe na wana MBA, Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa, na vyuo vingine vina matawi mjini. Ulizia mchepuo, ulizia saa za vipindi, na uombe muundo mzima wa ada hadi siku ya joho. Ada ya muhula inayotangazwa huwa haina usimamizi wa tasnifu, uchapaji, usajili na mahafali.

SACCOS tuzungumze kidogo. Sikatazi mkopo wa elimu, ila uupige hesabu kama ungempigia mteja wako. Tuseme gharama yote, pamoja na riba na nauli, ni milioni 9, na cheo kipya kitakuongezea shilingi 250,000 mkononi kila mwezi. Unarudisha pesa kwa miezi 36 tangu cheo kianze, wala si tangu masomo yaanze. Cheo kikichelewa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, unalipa marejesho kwa mshahara uleule ulio nao leo, na watoto wawili. Weka hapo mitihani ya bodi, ambayo inalipwa somo kwa somo, uone mkoba wako unahema wapi.

Ukifika MBA, kumbuka kwamba wengi hawakwami darasani, wanakwama kwenye tasnifu. Vipindi vinaisha, kundi linatawanyika, msimamizi ana wanafunzi wengi, na mada uliyoichagua inahitaji takwimu ambazo hakuna atakayekupa. Wewe una hazina ofisini: mauzo ya mikopo, kreti tupu zinazorudi na zisizorudi, mzigo unaoharibika njiani, madeni ya wauzaji wa rejareja. Chagua swali dogo ndani ya hayo, na uombe ruhusa ya kampuni kwa maandishi kabla hujawasilisha pendekezo la utafiti. Yule anayeandika juu ya "mchango wa uhasibu katika maendeleo ya uchumi wa Tanzania" atakuwa bado anaandika watoto wako wakiingia sekondari.

Nimeacha wateja wako watatu mwisho kwa sababu hapo ndipo sitaki umalize na mimi. Kumpangia mwenye duka risiti zake, kumwandikia daftari la mauzo na kumkumbusha tarehe ya kodi ni kazi moja. Kujitambulisha TRA kama mshauri wake wa kodi, au kuandaa hesabu za kampuni zinazohitaji uthibitisho, ni kazi nyingine, na washauri wa kodi wana usajili wao. Sijui kama hiyo famasi imesajiliwa kama kampuni au ni biashara ya mtu binafsi, na jibu linabadilika kabisa kati ya hayo mawili. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya habari za MBA, tafuta ofisi ya mhasibu aliyesajiliwa kutoa huduma kwa umma hapo Mwanza, ukae naye uso kwa uso na mafaili yote matatu. Mweleze unafanya nini hasa kwa kila mteja. Kama kuna ritani ya kampuni iliyokwenda bila uthibitisho, ni afadhali iligundue yeye leo kuliko mkaguzi wa TRA mwakani, na atakuambia namna ya kuirekebisha. Mara nyingi ofisi kama hizo hukubali kushirikiana: wewe unaandaa, yeye anapitia na kusaini, mnagawana malipo. Ukipata mpango wa namna hiyo, muulize pia kama muda utakaofanya chini yake unaweza kuhesabiwa kwenye uzoefu ambao bodi huutaka kabla ya kukuandikisha kama CPA, na kama ndiyo, mfungue kitabu cha kumbukumbu siku hiyohiyo.

Na mkurugenzi akikuletea mkataba wa kusomeshwa, wenye sharti la kubaki kazini miaka kadhaa au kurudisha ada, usiusaini kwenye korido. Uende nao nyumbani, kisha kwa wakili au afisa kazi, akusomee kile kipengele cha kurudisha pesa ukiachishwa kazi wewe hukutaka.